Kwa Mjumbe Mpya Unayekwenda Mkutano wa Makanisa Ng'ambo

Jina lako likishapitishwa na dayosisi, watu watakupongeza na wengine wataanza kukuagiza viatu. Wewe shughulikia viza kwanza. Kwa nchi za Schengen, yaani zile nchi nyingi za Ulaya zinazotumia viza moja, maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Atakayengojea hizo 15 anajitafutia presha. Ada ya mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudishwi. Bima ya safari isipungue kinga ya euro 30,000. Barua ya mwaliko iseme wazi nani analipa tiketi, malazi na chakula, maana hilo ndilo swali la dirishani. Ambatisha na barua ya mwajiri yenye tarehe ya kurudi kazini. Wachungaji wengi husahau kwamba nao wana mwajiri.

Halafu soma, na uanzie nyumbani. Walutheri walitamka kwamba ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini unagusa ukiri wenyewe wa imani, wala si siasa tu. Tamko hilo lilitolewa Dar es Salaam mwaka 1977, kwenye mkutano uleule uliomchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wa kwanza Mwafrika wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Miaka miwili kabla yake, Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilikutana Nairobi. Kwa hiyo usikae nyuma kama uliyekaribishwa kwa hisani.

Sasa mzigo wenyewe. Mjumbe mpya hupenda kubeba yote: ardhi, ukeketaji, madeni ya taifa, ukame. Chagua moja unalolijua kwa undani, uliandike ukurasa mmoja: limetokea nini, wapi, nani ana uwezo wa kulibadilisha, na unataka mkutano uombe nini. Hilo la mwisho ndilo mara nyingi halimo. Kama ni mgogoro wa ardhi, waulize wenyewe kabla hujaondoka: majina yao yatajwe? Picha zao zionyeshwe? Wewe utakuwa umekaa salama Ulaya. Wao watabaki na mkuu wa wilaya yuleyule. Mama akikuambia picha yake isitoke, iache, hata kama ndiyo ingewaliza wazungu.

Ukumbini usishangae kutoona kura zikihesabiwa kwa kila jambo. Tangu mkutano wa Porto Alegre wa 2006, Baraza la Makanisa huamua mambo mengi kwa kupatana, kama wazee barazani. Mjumbe ana kadi mbili: ya rangi ya chungwa akivutiwa na hoja, ya bluu ikiwa bado haijamwingia. Ukiinua bluu, uwe na sababu mdomoni.

Lakini tamko likishafika ukumbini, kulibadilisha ni kazi ngumu. Kazi yenyewe hufanyika kwenye kamati zinazoandaa rasimu. Kwenye mkutano wa Baraza hilo mjini Karlsruhe, mwaka 2022, vita vya Ukraine vilichukua nafasi kubwa, jambo linaloeleweka kwa mkutano uliofanyika Ujerumani mwaka ule. Asiyefika mapema na maneno yake yameandikwa, vita vya kwao huambulia kutajwa tu katika maombi. Mpe mjumbe wa kamati sentensi mbili unazotaka ziingie, zikiwa tayari kwa Kiingereza au Kifaransa. Kiswahili usikitarajie kwenye visikilizio vya tafsiri. Mimi hilo huniudhi kila mara.

Chakula cha mchana usile na Watanzania wenzako tu. Kaa na Mfilipino, kaa na Mbrazili: nao wana kampuni za madini zinazowahamisha watu.

Na vile vipande vya tiketi za ndege, pamoja na risiti za treni, usivitupe. Mhasibu wa wafadhili atavitaka kabla hata hujafungua begi, na ripoti iandike ukiwa bado safarini, maana Jumapili ya kwanza utakayorudi utaitwa mbele kueleza.