Tulivyonyang'anywa 501(c)(3) kwa fomu ya dakika kumi

Wiki iliyopita mama mmoja, mweka hazina wa jumuiya ya Watanzania kwenye jimbo jingine la hapa Marekani, aliniandikia WhatsApp: "Dada, sisi tuna 501(c)(3), kodi hatudaiwi. Sasa hizi barua za IRS nazijibu za nini?" (501(c)(3) ni hadhi ya shirika la hisani lililosamehewa kodi; IRS ni mamlaka ya kodi ya Marekani.) Tumbo likanikata. Maneno hayo hayo niliwahi kuyasema mimi, tena kwa sauti, mbele ya mkutano mkuu.

Wanaokijua kisa changu wanivumilie, nakirudia.

Jumuiya yetu hapa Houston ilianza kama zilivyoanza nyingi: wabeba boksi wanachangishana mwenzao akifiwa au mwili ukitakiwa kusafirishwa nyumbani. Mwaka 2016 mwenyekiti wetu wa kwanza alijaza fomu ya maombi, 1023-EZ, barua ya msamaha wa kodi ikaja, tukapika pilau. Mwaka uliofuata nikachaguliwa mweka hazina. Nilikabidhiwa mfuko wa rambo wenye stakabadhi, kitabu cha hundi na nakala ya ile barua. Hakuna aliyeniambia kuna kitu cha kuwasilisha kila mwaka, nami sikuuliza. Kumbe mwenyekiti alikuwa akikifanya mwenyewe, kimya kimya, kwenye kompyuta yake. Mwanzoni mwa 2019 akahamia Dallas, na kazi ile ikahama naye.

Hesabu zangu zilikuwa safi. Senti moja haikupotea mikononi mwangu, na hilo nitalisema mpaka nazikwa.

Mwanzoni mwa 2022 kijana wetu mmoja alichanga dola 500. Mwajiri wake ni wa wale wanaoongezea kiasi kile kile mfanyakazi akitoa sadaka. Safari hii wakamgomea: jumuiya yenu haitambuliki. Nilimjibu kwa ukali, nikamtumia picha ya barua yetu ya 2016. Usiku ule nikaingia kwenye tovuti ya IRS, sehemu ya kutafuta mashirika, nikaandika EIN yetu, yaani namba ya shirika kwa IRS. Jina letu likatokea, ila kwenye orodha ya waliofutiwa. Tangu Mei 2021! Miezi yote hiyo nilikuwa nawaandikia watu risiti za sadaka.

Barua zilitumwa, tena kwa wakati. Zilikwenda kwenye fleti aliyohama mwenyekiti wa zamani.

Iko hivi. Kwa sheria ya mwaka 2006, shirika likikaa miaka mitatu mfululizo bila kuwasilisha ritani yake, yaani taarifa ya kila mwaka kwa IRS, hadhi inafutika yenyewe. Hakuna ofisa anayekaa kukuonea huruma. Orodha ya kwanza ilipotoka Juni 2011 ilikuwa na mashirika yapatayo 275,000, kwa hiyo hatukuwa wa kwanza, ingawa kwenye mkutano wetu hilo halikunisaidia kitu. Mzee mmoja ninayemheshimu alisimama akauliza, "Hela zetu ziko wapi?" Hela zilikuwa benki, zote. Lakini swali likishaulizwa mbele za watu, jibu halilifuti. Kuna nyumba mbili mpaka leo hazinialiki.

Na ritani yenyewe ni nini? Jumuiya ambayo mapato yake kwa kawaida hayazidi dola 50,000 kwa mwaka inajaza fomu 990-N, kwenye intaneti, bure. Wanataka EIN, jina, anwani, jina la kiongozi, tovuti kama mnayo, na tamko kwamba mapato hayajavuka kiwango. Kama mwaka wenu unaishia Desemba, mwisho ni Mei 15. Ukichelewa hakuna faini, na hapo ndipo mtego ulipo: hakuna kinachouma mpaka mwaka wa tatu. Mkivuka kiwango hicho mnaingia 990-EZ au 990 kamili, na huko tafuteni mhasibu.

Sisi tuliokolewa na kalenda. Jumuiya ndogo ikiomba upya ndani ya miezi 15 tangu barua ya kufutwa au tangu jina lilipotokea kwenye orodha, ipi iliyochelewa, inaweza kurudishiwa hadhi kuanzia siku ile ile ilipofutwa. Ada ya 1023-EZ ilikuwa dola 275. Nililipa mfukoni mwangu, hakuna aliyeniomba wala aliyenirudishia. Fomu inauliza mnataka kurudishwa kwa utaratibu upi. Soma vizuri hapo, maana ukichagua visivyo, hadhi inaanza siku ya maombi na nyuma linabaki shimo. Sikukosea. Barua ikaja, na hakuna aliyepika pilau.

Ndugu zangu viongozi, kusamehewa kodi hakukupi ruhusa ya kunyamaza. Anwani iwe sanduku la posta la jumuiya, isiwe ya nyumbani kwa mtu. Kiongozi aliyeandikwa kwenye EIN akibadilika, fomu 8822-B ya kutaarifu mabadiliko hayo iende IRS ndani ya siku 60. Makabidhiano yafanyike kwa maandishi. Narudia: anwani.

Halafu hili la misiba, mnisamehe nikigusa kidonda. Mfuko ambao anayefaidika ni mwanachama aliyelipa ada peke yake ni kusaidiana, na kusaidiana ni kuzuri, lakini mbele ya IRS si sadaka. Utengeni na akaunti ya 501(c)(3). Na mtu akitoa dola 300 akasema "hizi mpeni mama fulani aliyefiwa", asizitoe kwenye mapato yake yanayotozwa kodi kama sadaka. Hela iliyotajiwa jina la mtu hairuhusiwi kutolewa hivyo. Vivyo hivyo tiketi ya sherehe ya dola 100: kama sahani na kinywaji vina thamani ya dola 40, sadaka ni 60, na ni lazima mumwambie kwa maandishi. Nilipoyasema haya kwenye kundi letu niliambiwa nimekuwa mzungu.

Yule mama nilimpigia badala ya kumwandikia. Nikamwuliza barua ni ngapi, akasema nne, ziko kwenye droo, hajazifungua. Tulizifungua pamoja kwenye simu, yeye anasoma, mimi nahesabu miaka kwenye vidole. Walikuwa wamekosa mmoja tu.