Herufi moja kwenye jina la mazingira

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii, kwenye faili la YAML, lile la maelekezo ya kazi ambazo GitHub (tunakohifadhi msimbo wa programu) huziendesha yenyewe, kuna mstari mfupi ambao nawaomba muusome mara mbili kila mnapougusa: ule wa `environment`.

Kwenye GitHub tulikuwa na mazingira mawili, yaani mahali programu inapopandishwa itumike: `majaribio` na `wateja`. Ya wateja tuliyafunga: kazi haisogei mpaka mmoja wa wakubwa aidhinishe. Jioni moja nikaandika `wateje`. Nilitegemea kazi isimame ikisubiri idhini, lakini alama ya kijani ikatokea ndani ya dakika mbili. GitHub ikikuta jina la mazingira isilolijua haigomi. Inayaunda papo hapo, matupu, bila mwidhinishaji wala siri (nenosiri au ufunguo uliohifadhiwa humo) hata moja.

Sasa nenosiri la kanzidata lilitoka wapi? Mtu alikuwa ameliweka zamani kwenye repo yenyewe, yaani hifadhi ya mradi mzima, kwa jina lilelile. Siri ya mazingira huipiku ya repo, ila isipokuwepo, ya repo ndiyo inayoshika. Kwenye kumbukumbu za kazi huonekana nyota tatu tu, kwa hiyo huwezi kujua kwa macho lipi limetumika. Toleo ambalo hakuna aliyelipitia likawafikia wateja, na tukakesha kurudisha la awali. Kama nenosiri lile lisingekuwepo kwenye repo, thamani ingekuwa tupu na kazi ingekwama. Heri ingekwama.

Ndiyo maana nasema mlinzi wa kweli ni mahali siri inapokaa. Nenosiri la wateja likae kwenye mazingira ya wateja peke yake. Nakala ya repo ifutwe leo. Ruhusuni tawi kuu tu, yaani nakala kuu ya msimbo, lipandishe huko. Waidhinishaji mnaweza kuwataja hadi 6, na mmoja akikubali inatosha, hivyo washeni pia kile kizuizi cha mtu kujiidhinishia kazi aliyoianzisha mwenyewe. Kwa repo za faragha, angalieni kwanza kama kifurushi mnacholipia kina huduma ya waidhinishaji.

Kisha fungueni ukurasa wa mazingira kwenye mipangilio ya repo, msome majina yote. Mkikuta jina geni, tafuteni kwanza mstari wa YAML uliolizaa na muusahihishe. Mkifuta jina peke yake, litarudi kazi ikiendeshwa tena.