Usitie sahihi karatasi ya "mshauri"!

Weka kalamu chini kwanza. Umeuliza ujifunze lugha gani ya kuandikia programu, Python au Java, ununue laptopu gani, utaishije mwanamke peke yako kati ya wanaume tisa kwenye hiyo ofisi ya Nyali, kisha ukatupia mwishoni kabisa kwamba wamekupa uchague: mkataba wa mwajiriwa, au wa "mshauri wa kujitegemea" wenye hela zaidi, na wewe unaelekea kwenye hela. Hilo ulilolitupia mwishoni ndilo lililonila mimi.

Mwaka 2019, kampuni ya mifumo ya kufuatilia makontena, Mombasa hii hii. Mwajiriwa 70,000, mshauri 78,000, na mshauri anakatwa kodi ya asilimia 5 tu. Nikapiga hesabu kwenye feri ya Likoni, nikashuka nikijiona mjanja. (Juni ilipofika KRA, watoza kodi wetu, wakataka salio lao. Ujanja ukaishia hapo.)

Sasa huo ushauri wenyewe: saa mbili asubuhi kidole mlangoni, kompyuta yao, dawati lao, ruhusa naomba kwa bosi hata ya kwenda kung'oa jino. Seva ikianguka saa nane za usiku, mshauri ndiye anayeamshwa. Ushauri niliowahi kutoa ni kwamba chai ipunguzwe sukari, na hawakuufuata.

Nikashika mimba. Ilipofika miezi saba nikaenda kuulizia likizo. Bosi akafungua karatasi yangu, kwa upole kabisa, akanionyesha neno moja. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa mwanamke mwajiriwa miezi 3 kwa mshahara kamili. Mwajiriwa, mdogo wangu. Mimi arubaini haijafika, niko kitandani Tudor, mtoto kifuani, laptopu mapajani, narekebisha hitilafu, kwa sababu nisipofanya saa sina ankara ya kupeleka. Mama ananiletea uji na kunitazama kama niliyeingiwa na kitu.

Mwenzangu tulioanza siku moja, mwajiriwa, mkewe alijifungua mwezi huohuo. Akapewa wiki zake 2 za likizo ya baba, mshahara ndani, na keki juu. Simlaumu, ni haki yake. Lakini ofisini aliyezaa ni mimi, aliyepumzika ni yeye!

Elfu nane kwa miezi 20 niliyodumu pale ni 160,000. Mshahara wa miezi 3 ya likizo ni 210,000. Bado sijahesabu siku 21 za likizo ya kila mwaka, ambazo pia sikuzionja.

Siku moja, juu ya viazi karai, wanawake watatu tukaulizana mikataba. Sote washauri. Wanaume wote waajiriwa. Na tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, ni sisi tuliopangwa mbele kupigwa picha.

Bosi nishamsamehe, alikuwa akilinda mfuko wake. Nisiyemsamehe ni yule dada mkubwa wa fani, wa kupanda majukwaani kuwatia moyo wasichana, aliyeniambia, "Chukua pesa, mkataba ni karatasi tu." Baadaye nikajua yeye mwenyewe ni mwajiriwa, na likizo amekwenda mara mbili. Karatasi tu, eti!

Lingine la kuniua: mahakama ya kazi haitazami jina ulilopewa tu, hutazama kazi inavyofanywa. Nani anakupangia saa, vifaa ni vya nani, unaomba ruhusa kwa nani. Pengine ningeshinda. Lakini dai hilo hupelekwa ndani ya miaka 3, nami nilielezwa na wakili tuliyekaa meza moja harusini, mwaka wa nne umeshaingia. Nikala pilau yangu kimya.

Kwa hiyo: ukifanya kazi kama mwajiriwa, uandikwe mwajiriwa. Waulize tu, "Likizo ya uzazi iko ukurasa wa ngapi?" Wakicheka, wakikwambia hujaolewa bado ya nini, au mambo hayo tutazungumza yakifika, rudi zako nyumbani. Wakikupunguzia elfu nane, kubali. Kumi, kubali.

Hiyo laptopu wengine watakujibu, na hao wanaume tisa utawazoea. Umesema sahihi ni Ijumaa. Piga picha ukurasa wa kwanza wa huo mkataba, ziba majina, uuweke hapa leo.