Wiki ya tatu huumwi tena? Hapo hapo ndipo nilipouharibu mguu wangu

Mkuu, hiyo ratiba ya siku sita ifute. Usiipunguze, wala usiijaribu "wiki moja tu nione". Ifute.

Nimesoma swali lako mara mbili na mara zote mbili muundi wangu wa kushoto umenisisimka, na mguu wenyewe ulishapona miaka minne iliyopita. Unasema una wiki tatu tangu uanze mazoezi, siku tatu kwa wiki. Wiki ya kwanza ulikuwa unashuka ngazi umeshikilia ukuta kama mzee, sasa huumwi popote, uzito wa skwati (kuchuchumaa na chuma mabegani) umekaribia mara mbili ya ule wa siku ya kwanza, na kocha kakwambia mwili "umeshafunguka". Kwa hiyo uende siku sita, asubuhi ukimbie, jioni uruke kamba. Kisha ukauliza mambo manne: ukimbie kabla ya vyuma au baada, protini kiasi gani, zoezi gani linaondoa tumbo, na ulale saa ngapi. Nitajitahidi kuyafikia. Siahidi.

"Siumwi tena, nadhani niko tayari." Hayo maneno ni yangu, umeniibia. Niliyasema mbele ya kioo cha jimu, nimevaa fulana isiyo na mikono ambayo mikono yangu ilikuwa bado haijaistahili.

Wiki ya nne nikaingia siku sita. Kilomita 5 kila asubuhi, vyuma mchana, kamba jioni, na Jumamosi kuruka juu ya kasha la mbao. Mtu ambaye mwezi mmoja nyuma mazoezi yake makubwa yalikuwa kutafuta rimoti.

Wiki ya tano nikaanza kuhisi kitu upande wa ndani wa muundi, chini kidogo ya katikati. Hakikuwa maumivu hasa, ni kama mtu anakwaruza mfupa kwa ndani. Nikikimbia dakika kumi kinapotea. Nikamwambia kocha. Akacheka: "Kikipotea ukishapata joto ujue ni misuli inazoea." Sikiliza vizuri, kwa sababu na wewe utaambiwa hivyo hivyo: maumivu ya mfupa uliochoshwa mwanzoni huweza kabisa kupotea ukipata joto. Kupotea kwake hakuthibitishi chochote.

Wiki ya sita hayakupotea. Yakaanza nikianza, yakaisha nikimaliza. Nikavaa soksi za kubana, nikaweka barafu, kisha nikafanya ujinga ambao mpaka leo naona aibu kuuandika: nikaanza kumeza dawa ya maumivu kabla ya kukimbia. Yaani king'ora cha moto kinalia, mimi nakitoa betri. Kocha alikuwa na methali moja tu maishani, "mchumia juani hulia kivulini", na aliitoa kila mtu alipokunja uso. Kivuli nilikuja kukipata kweli, miezi mitatu, nimelala chali.

Wiki ya saba yakawa yanakuja usiku nimetulia. Nikibonyeza kwa kidole napata nukta moja tu, pana kama kitufe cha shati, inayonifanya niruke. Nikaenda kupiga picha ya eksirei. Picha ikatoka safi.

Na hapa ndipo kosa langu kubwa lilipo. Yote ya juu ni upumbavu wa kawaida wa mtu mgeni kwenye mazoezi. Mimi niliichukua ile picha safi, nikampelekea kocha, tukaiangalia wote wawili kama wataalamu, akanipiga begani: "Unaona? Ni kichwa chako tu." Nikarudi mazoezini siku nane zaidi. Siku nane! Hakuna aliyeniambia, au niliambiwa nikaziba masikio, kwamba ufa wa mfupa uliochoshwa mara nyingi hauonekani kwenye eksirei katika wiki za mwanzo. Huonekana baadaye, mfupa ukishaanza kujiunga na kuacha alama. Kipimo cha MRI, ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, ndicho kinachouona mapema.

Siku ya nane nilishuka kutoka kwenye lile kasha na mguu ukakataa. Sikusikia mlio wowote wa sinema. Ulikataa tu, kama punda. MRI ikaonyesha mstari. Daktari akaniambia kwa upole uliokuwa unauma kuliko tusi kwamba ningepumzika pale nilipohisi mkwaruzo, pengine ningekaa wiki chache tu bila kukimbia. Badala yake: wiki sita za buti gumu na magongo, kisha kutembea kama mtoto, kisha miezi kabla sijakimbia hata dakika mbili mfululizo. Buti lilipotoka, shavu la mguu ule lilikuwa limesinyaa mpaka soksi inateleza. Vyote nilivyovijenga kwa wiki saba vilikuwa vimeondoka na nauli yangu.

Nilipopata nguvu ya kuongea nikamuuliza kocha alisomea wapi. Akasema hakuna haja ya kusomea, yeye mwenyewe anafanya siku sita na hajawahi kuumia. Ana miaka kumi na mbili anafanya! Mfupa wake umepigwa polepole miaka kumi na mbili, wangu ulikuwa na wiki saba, na aliipokea ada yangu bila kuuliza tofauti. Sina hasira. (Nina hasira.)

Sasa kwa nini kutoumwa kunadanganya. Mwili wako hauna saa moja, una saa nne na kila moja inakwenda kwa mwendo wake. Mishipa ya fahamu ndiyo inayowahi. Wiki za kwanza nguvu inapanda hasa kwa sababu ubongo umejifunza kuita nyuzi nyingi zaidi za misuli kwa wakati mmoja, hata kabla misuli haijanenepa. Ndiyo maana skwati yako imeruka hivyo. Hujajenga nyumba, umejifunza kuwasha taa zote. Misuli inafuata, baada ya wiki kadhaa. Kano huchelewa zaidi, damu inayofika kule ni haba. Mfupa ndio wa mwisho kabisa.

Tena mfupa una tabia ambayo ningeijua mapema ningekuwa na miguu miwili mizima muda wote. Ukiupa mzigo mpya, kwanza unajichimba. Kuna chembe zinazokula sehemu iliyochoka, kazi ya wiki chache, kisha chembe nyingine zinajaza mfupa mpya, na hiyo ni kazi ya miezi. Katikati hapo kuna kipindi ambacho mfupa una vishimo vilivyochimbwa na bado havijajazwa. Yaani kwa muda fulani baada ya kuanza mazoezi, sehemu inayobeba mzigo inaweza kuwa dhaifu kuliko siku ulipokuwa umelala kwenye kochi. Makuruta wa jeshi nyufa hizi huwapata sana wiki za mwanzo za mafunzo, na wale si walegevu. Wewe unataka kuongeza mizigo mitatu mipya hapo hapo kwenye mashimo. Kila hatua ya kukimbia inarudisha mguuni nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Bandu bandu huisha gogo, mkuu, na gogo ni mguu wako.

Na yale maumivu ya wiki ya kwanza yaliyokwisha? Yale ni ya misuli. Huja baada ya siku moja au mbili, hasa kwa mwendo wa kushuka au kurudisha chuma chini, na ukirudia zoezi lile lile hupungua haraka. Misuli imezoea zoezi, basi. Hiyo ni habari ya misuli, mfupa haujatoa taarifa yoyote. Kutumia habari ya misuli kuamua mambo ya mfupa ni kama kumuuliza dereva kama tairi limechoka, naye anakujibu kwamba yeye hana usingizi.

Najua kocha wako atakuletea hadithi ya Milo wa Croton, yule mwanamieleka Mgiriki wa zamani anayesimuliwa kwamba alibeba ndama kila siku hadi akawa fahali. Wangu aliileta. Muulize swali moja: Milo alibadilisha ndama kwa fahali wiki ya nne? Ndama hakui hivyo.

Na kama anapenda historia, mpe ya Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani aliyewatibu wanajeshi waliojeruhiwa miguu kwenye Vita Kuu ya Pili kwa kuwanyanyuisha vyuma vizito kidogo kidogo. Alichapisha mwaka 1945, akiwa na seti (yaani mizunguko) 7 hadi 10 za mara kumi kumi. Kufika 1948 yeye mwenyewe, pamoja na mwenzake Watkins, alishapunguza hadi seti 3: ya kwanza kwa nusu ya uzito anaoweza mtu mara kumi, ya pili robo tatu, ya tatu wote. Mtu aliyetupa msingi wa kuongeza mzigo hatua kwa hatua alitazama wagonjwa wake, akapunguza. Kocha wangu hajawahi kupunguza kitu chochote, hata sauti.

Kanuni yangu ni moja, nimeilipia, chukua bure: ongeza kitu kimoja tu, kisha ukae nacho wiki tatu. Siku ni kitu. Uzito ni kitu. Seti ni kitu. Kasi ni kitu, umbali ni kitu, na kuruka ni kitu kikubwa kuliko vyote. Hizo wiki tatu ni kipimo changu mwenyewe, sijazitoa kitabuni, lakini ukiongeza siku, uzito unakaa pale ulipo hata kama unauona mwepesi. Hasa kama unauona mwepesi. Uzito ukifika zamu yake, Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo kinashauri uongeze kati ya asilimia 2 na 10, tena pale unapoweza kupitisha idadi uliyopanga kwa moja au mbili. Hicho hicho kinampa mtu anayeanza siku mbili hadi tatu za vyuma kwa wiki. Yaani ratiba uliyonayo sasa ndiyo sahihi, na umekuja hapa kuuliza jinsi ya kuiharibu.

Kabla au baada: unachokijali zaidi kifanye kwanza ukiwa na nguvu. Lakini wewe usikimbie kwa sasa. Tembea haraka, au endesha baiskeli.

Protini, mimi nilikuwa nakula nyingi kuliko yeyote pale jimu, na mfupa ukapasuka vilevile. Ila umenikumbusha, umesema unataka tumbo liondoke. Tafadhali niambie hujapunguza chakula. Mimi nilikuwa nakula mlo mmoja wa maana kwa siku ili tumbo liishe, huku nafanya mazoezi mara tatu kwa siku. Mwili usiopata nishati ya kutosha hupunguza kasi ya kujenga mfupa, kwa hiyo wale wachimbaji wanaendelea na wajenzi wamegoma. Na hakuna zoezi linaloyeyusha mafuta ya sehemu moja, kwa hiyo zile pushapu za tumbo mia tatu nilizofanya zilikuwa za kumfurahisha kocha tu. Kama umepunguza chakula na unataka kuongeza siku, hivyo tayari ni vitu viwili. Rudi juu usome kanuni.

Jambo la kufanya usiku huu: kaa kitandani, pitisha kidole gumba polepole kwenye ukingo wa ndani wa muundi, kutoka goti hadi kifundo, mguu mmoja kisha mwingine. Pakiuma eneo refu refu, urefu wa kiganja, mara nyingi ni utando wa mfupa umechokozwa. Pumzisha miguu, kama hapapungui mwone daktari. Pakiuma nukta moja tu, usiulize hapa jukwaani wala usimuulize kocha. Acha kuruka, acha kukimbia, nenda hospitali, na picha ya eksirei ikitoka safi usishangilie. Waambie mahali hasa ulipobonyeza na uulizie MRI.

Kisha rudi uandike kidole kilisimama wapi. Nitakuwa naangalia.