ATR 72-600 au Dash 8-400?

Umeuliza kati ya ndege hizi mbili za abiria za pangaboi, ipi inafaa kwa ruti za kilomita 300 hivi. Ningechukua ATR bila kusita. Dash 8-400 inakimbia hadi kilomita 667 kwa saa, ATR kama 510, lakini kwa umbali huo tofauti haifiki dakika kumi. Muda mwingi unaishia kwenye kupaa, kushuka na ndege kutembea uwanjani. Kasi hiyo inalipiwa: injini za Dash, PW150A, zina nguvu-farasi zaidi ya 5,000 kila moja, karibu mara mbili ya PW127M za ATR, na mafuta yanakwenda zaidi pia. Ruti zikifika kilomita 900, Dash inaokoa karibu dakika 25, na hapo hesabu inabadilika, hasa ukiweza kuongeza safari moja kwa siku.

Kwa abiria, kabini ya ATR ni pana kidogo, mita 2.57 kwa 2.51. Dash ina mfumo wa kupunguza kelele na mtetemo, ila katika zote mbili epuka siti zilizo usawa wa pangaboi. Nyuma ya bawa kuna utulivu zaidi. Kwenye ATR abiria hupandia mlango wa nyuma, kwa hiyo ukikaa huko unashuka wa kwanza pia.