Miongozo mitatu ya utengamao baada ya kiharusi: tufuate upi?

SWALI: Shikamoo. Natoa tiba ya viungo katika kituo kimoja Muheza. Tunataka kuandika mwongozo wetu wa utengamao baada ya kiharusi. Nimesoma wa Uingereza, wa Marekani na wa Australia, haifanani. Tuchague mmoja tuutafsiri, au tungoje mmoja wa nchi zote?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Msitafsiri, wala msingoje. Kila pendekezo mnalolisoma humo lina vitu viwili vilivyoshonwa pamoja: ushahidi wa majaribio, na uamuzi wa watu waliojiuliza kwao kuna wafanyakazi wangapi na fedha kiasi gani. Fumueni mshono huo. Ushahidi uchukueni, uamuzi mkaufanye upya Muheza.

Mfano ni muda wa tiba. Mwongozo wa 2013 wa NICE, taasisi inayoandika miongozo ya tiba Uingereza, ulitaka walau dakika 45 za kila tiba anayohitaji mgonjwa, siku 5 kwa wiki. Wa 2023 umepanda hadi walau saa 3 kwa siku. Mimi hapa Tanga nina wagonjwa wanaotoka Pangani mara mbili kwa mwezi, nauli ikipatikana. Nikinakili saa 3, nimeandika kitu kisichofuatika tangu siku ya kwanza. Lakini ushahidi ulio chini yake, kwamba kurudia tendo lenyewe mara nyingi kunasaidia, unafanya kazi hata uani. Pendekezo lenu linaweza kutaja mgonjwa ainuke kitini mara ngapi asubuhi na jioni, na nani nyumbani atakayemhesabia.

Usomaji wa ushahidi nao una mitego yake. Jaribio la AVERT, lililochapishwa 2015, lilikuwa na wagonjwa 2,104 katika vituo 56 vya Australia, New Zealand, Malaysia, Singapore na Uingereza. Wengi wetu tuliamini kwamba kumtoa mgonjwa kitandani ndani ya saa 24, tena kwa wingi, ni heri. Baada ya miezi 3, waliokuwa na hali nzuri walikuwa asilimia 46 kwenye kundi hilo, na 50 kwenye huduma ya kawaida. Nimewasikia watu wakihitimisha kwamba basi mgonjwa alale wiki nzima. Hapana! Hata kwenye huduma ya kawaida, nusu yao walikuwa wameshatolewa kitandani ndani ya saa 22 hivi. Mkiandika neno "mapema", andikeni na saa zenyewe, na kila mara anapotolewa kitandani iwe kwa muda mfupi.

Wala msikubali jambo kwa sababu tu linafanana na maisha yetu. Kumfundisha ndugu aendeshe mazoezi nyumbani kunatuvutia sana, na India walilipima katika jaribio la ATTEND: wagonjwa 1,250, hospitali 14, matokeo 2017. Baada ya miezi 6, waliofariki au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 47 kwenye kundi la ndugu waliofundishwa, na 47 vilevile kwenye huduma ya kawaida. Mimi bado nawafundisha ndugu, kwa kuwa mara nyingi hakuna mwingine. Ila siwaambii kwamba imethibitishwa.

Vipimo pia vitazameni. Kipimo cha Barthel, kinachopima mgonjwa anavyojimudu shughuli za kila siku, kina vipengele 10, kupanda ngazi kikiwamo. Kushuka mkekani na kuinuka hakimo, na wagonjwa wangu wengi hilo ndilo wanalolililia: wasujudu tena, wale sinia moja na wajukuu. Kiacheni Barthel kama kilivyo ili mlingane na wengine, kisha pembeni yake ongezeni la mkeka.

Kwa ubora wa miongozo yenyewe, tumieni AGREE II, orodha ya kukagua jinsi mwongozo ulivyoandikwa. Ina vipengele 23, na siku mbili za kazi zinatosha.

Msianze na kitabu kizima. Ningekuwa ninyi ningeanza na bega. Mwongozo wa Marekani wa 2016 unakataza mazoezi ya kuvuta kamba kwenye roda juu ya kichwa, kwa sababu yanaliumiza bega la mkono uliopooza. Hapa kwetu roda ni nadra. Kinacholiumiza ni ndugu wanaomwinua mgonjwa kwa kumvuta mkono huohuo. Andikeni ukurasa mmoja wa kumwinua, mkae na muuguzi, daktari, mgonjwa aliyepona kiasi na mama anayemuuguza mumewe. Mkimaliza, mama huyo asomewe, kisha aonyeshe kwa mikono yake alichosikia. Akikosea, sentensi hiyo iandikwe upya.