Saa ya Chicago na dagaa wa Kirumba

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Binti yangu yuko Chicago, na kila Jumapili hunipigia saa 2 usiku, nikiwa nimeshaoga na kula. Machi akapiga saa 1, simu iko ndani ya kikapu, mimi nimebanwa kwenye daladala. Sikusikia. Salio nalo sina. Nikakesha nikiwaza mabaya, kumbe wamesogeza saa! Sasa ananiambia wapo wanaotaka ile saa iliyosogezwa ibaki mwaka mzima. Ni jambo jema hilo? Na sisi mbona hatusogezi?
Mama Neema, Mwanza

JIBU: Marahaba, Mama Neema, na pole kwa kukesha. Binti hakukosea, kwake ilikuwa ile ile saa 5 asubuhi. Karibu Marekani yote husogeza mshale mbele saa nzima Jumapili ya pili ya Machi na kuurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Wanaiita saa ya kiangazi (kiangazi chao, si hiki chetu cha vumbi). Kwa hiyo wakati wa baridi yao mnapishana saa 9, wakati wa joto saa 8.

Kuibakiza mwaka mzima? Mimi nakataa, maana walishajaribu. Januari 1974, mafuta yameadimika, Nixon ndiye rais, wakaiweka iwe ya mwaka mzima, kwa majaribio. Watoto wakawa wanakwenda shule gizani, wazazi wakaja juu, na Oktoba mwaka huo huo bunge likaamua saa ya baridi, ile isiyosogezwa, irudi. Kwa saa hiyo, Januari jua la Chicago lingechomoza saa 2 na robo asubuhi! Urusi nao waliibakiza 2011, wakaitupa 2014. Hata hivyo mwaka 2022 Seneti, moja ya mabaraza mawili ya bunge la Marekani, ilipitisha tena hoja ya kuibakiza. Baraza la pili, la Wawakilishi, halikuipigia kura, kwa hiyo haikuwa sheria. Kama wamechoka kusogeza, na kweli kunachosha, wabaki na ile ya baridi iliyo karibu na jua.

Wenzetu husogeza ili mwanga wa ziada wa asubuhi za kiangazi uhamie jioni. Sisi tusogeze ili iweje? Hapa Mwanza mchana wa Desemba unauzidi wa Juni kwa dakika zisizofika 20. Hakuna mwanga wa kuwekea akiba.

Ila nikunong'oneze: sisi tumeshasogezwa zamani. Nilipokuwa nafundisha jiografia, niliwasimamishia wanafunzi fimbo uwanjani mwezi wa Juni, wakawa wanachora ncha ya kivuli kwa chaki. Saa 6 mchana kivuli bado kinapungua. Kilipofikia ufupi wake wa mwisho, yaani adhuhuri ya jua lenyewe, ilikuwa saa 7 kasoro dakika kumi na kitu. Darasa zima likanigeukia kama nimeharibu saa. Saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa longitudo 45, inayopita karibu na Mogadishu. Mwanza tuko kwenye 33. Kila digrii ni dakika 4, zidisha mwenyewe: dakika 48. Ndiyo maana Februari jua linatutokea karibu saa 1 kamili, na watoto wa shule wameshatangulia barabarani.

Basi mwambie binti, kuanzia Machi apige saa 6 mchana ya kwake, utakuwa umeshakula. Novemba arudi kwenye saa 5. Ziandike Jumapili hizo mbili kwenye kalenda ya ukutani, ile ile unayoweka alama za mbalamwezi, siku ambazo taa za wavuvi hazivuti dagaa.